Mama Alivyoonja Kikombe Jukwaani

Kahawa mbichi, ile ambayo bado haijakaangwa, ina harufu ambayo wanywaji wa kahawa hawaijui. Inanuka nyasi zilizolowa, inanuka gunia, na chini yake kuna uchachu kidogo. Mwezi uliopita nilikwenda kwenye kituo kimoja cha kuoshea kahawa juu ya Kamembe kuchukua sampuli za maji, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Mkulima mmoja akamwaga gunia zima mezani mbele yangu. Na mimi, mwanamke niliyeshapita miaka hamsini, mwenye diploma ya Ulaya ukutani na gari lenye jina la maabara yangu ubavuni, nikasimama pale nikasahau swali nililokuja kuuliza. Nilikuwa na miaka tisa tena, niko katika ukumbi wa maonyesho wa Cyangugu, na watu wote walikuwa wananicheka.

Ukumbi huo tuliuita sale, kwa Kifaransa cha watu wasiopenda maneno marefu. Kabla ya uhuru ulikuwa ghala la kahawa la mfanyabiashara mmoja Mgiriki, chini karibu na ziwa. Uhuru ulipokuja, Mgiriki alifunga vitu vyake, akawaachia watu wa komini, ndiyo serikali yetu ya mtaa, ufunguo, akavuka daraja la Rusizi na hakuonekana tena. Ghala likakaliwa na mbuzi. Baadaye mbuzi walitolewa zikafanyika arusi, na baada ya arusi ikaja mikutano. Ni katika mikutano hiyo ndipo Mwalimu Anselmi, aliyefundisha darasa la sita na kuvaa tai hata siku za likizo, alipogundua kwamba watu wa Cyangugu wanaweza kukaa saa tatu kwenye benchi wakimsikiliza mtu mmoja asiyejua kusema.

"Kama banamuvumilia huyu," aliwaambia walimu wenzake, "batatuvumilia hata sisi."

Akaanzisha kundi la maigizo. Jukwaa lilikuwa kreti za bia zilizopinduliwa na kufunikwa mbao. Pazia lilikuwa mablanketi ya kijivu yaliyounganishwa na Fundi Ramazani, mshonaji wa Kamembe, ambaye pia alikuwa mwigizaji. Jua lilipopiga bati la paa, harufu ya kahawa ya Mgiriki ilipanda kutoka nyufa za sakafu, ikachanganyika na mafuta ya nywele ya wanawake wa Bukavu na jasho la wachukuzi wa mpakani.

Msicheke, ninyi mliozoea kuona vitu vyote kwenye simu. Bukavu ng'ambo, upande wa Kongo, walikuwa na sinema, na maduka yenye vioo, na barabara ambazo Wabelgiji walizipanga kwa rula. Sisi tulikuwa na sale, na wao ndio walivuka daraja kuja kwetu. Waislamu wa Kamembe walishuka mlima kwa miguu na kofia zao nyeupe. Wakatoliki walikuja wakiwa bado wamevaa nguo za misa. Mchezo ulichezwa kwa Kiswahili, kwa sababu ndicho kilichotukutanisha sote, ila matusi yalitolewa kwa Kinyarwanda au kwa Kimashi, lugha ya ng'ambo, ili yapate ladha. Kabla ya kila mchezo afisa wa afya alihutubia juu ya vyoo. Hilo lilikuwa sharti la komini kwa kutuachia ukumbi, na ninadhani hakuna mji katika nchi yetu uliojua habari za vyoo kama sisi. Halafu kulikuwa na jambo la bariera. Mpaka ulifungwa saa kumi na mbili, na watu wa Bukavu ilibidi wawe wamevuka. Kwa hiyo sehemu ya tatu ya kila mchezo ilichezwa mbio mbio, watu walifumaniwa, walisameheana na kuoana kwa dakika kumi, huku mtu mmoja mlangoni akitazama saa.

Mama yangu mji mzima ulimwita Maman Vero, kwa jina langu. Alikuwa Mshi, mzaliwa wa upande wa Bukavu. Baba alimleta Cyangugu, akampangishia vyumba viwili nyuma ya soko, kisha akaenda kutafuta kazi kwenye migodi ya kusini ya Kongo. Barua zake zikawa fupi, halafu zikawa salamu tu midomoni mwa madereva, halafu hazikuwa kitu. Mama aliuza maandazi na mutobe, ile juisi ya ndizi mbivu inayokamuliwa kwa nyasi, kando ya njia inayoteremka darajani. Hakujua kusoma. Lakini alijua kuiga. Kulikuwa na mtu wa forodha aliyekuwa akimsumbua kila asubuhi juu ya beseni lake, na akishaondoka Mama alisimama, akatoa tumbo mbele, akasema maneno yale yale kwa pua ile ile, mpaka wachukuzi wakaweka mizigo chini wacheke vizuri.

Mwalimu Anselmi alimwona siku moja. Wakati huo nafasi za wanawake jukwaani zilikuwa zinachezwa na nesi mmoja mwanamume mwenye ndevu, na hata kwenye msiba watu walimcheka. Mwalimu alinunua andazi, akalila lote, akasema, "Maman Vero, niko na mujane, sina muntu wa kumucheza."

"Mujane?" Mama akasema. "Hiyo haitanipa shida."

Sasa niwaambie jambo ambalo nimewaambia watu wachache. Mimi ndiye niliyemfundisha maneno yale. Nilikuwa darasa la tatu, na nilisoma kuliko wengine wote, jambo ambalo halikubadilika hadi Ubelgiji. Jioni Mama alichochea moto, mimi nikasoma daftari la Mwalimu mstari kwa mstari, naye akarudia. Nilipenda sana saa zile. Tulikuwa wawili tu duniani, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa.

Mchezo ulikuwa huu. Mjane anabaki na shamba la marehemu mumewe. Shemeji yake anakuja kulichukua. Mjane anamkaribisha vizuri, anamkalisha, anamletea kinywaji, na ndani ya kinywaji ameweka sumu.

Mtu wa mbali hawezi kujua uzito wa jambo hilo kwetu. Pande zetu, sumu ni neno linalosemwa kwa sauti ya chini. Hakuna anayempa mtu kinywaji bila kukionja kwanza mbele yake. Mwenye nyumba anakunywa funda moja, mgeni anaona koo linavyopanda na kushuka, ndipo naye anapokea. Hatuhesabu kuwa ni dharau. Ni adabu, kama kuvua kofia. Mama mwenyewe hakumpa mchukuzi yeyote kikombe cha mutobe kabla ya kukionja. Siku nzima alikuwa anaonja, mpaka jioni akawa hataki hata harufu ya ndizi.

Kwa hiyo jukwaani shemeji, ambaye ndiye Fundi Ramazani, anasema, "Onja kwanza, shemeji." Na mjane anaonja.

Jumapili ya kwanza nilikaa benchi la pili. Mama alikitazama kikombe kile cha bati kama mtu anayetazama mtoto aliyelala. Akakinyanyua. Akanywa. Koo lake lilipanda, likashuka, kila mtu aliliona. Hata mimi niliyejua daftari zima nilisahau, nikadhani amemeza. Akamkabidhi Fundi Ramazani kikombe. Fundi akageuka kidogo kumwita mbwa wake. Hapo Mama, bila haraka, akainua pembe ya kitenge chake mdomoni kama mtu anayejifuta, na kitenge kikaloa. Akatabasamu. Sikusikia mtu akikohoa. Mzee mmoja nyuma yangu alisema "Yesu," polepole, naye hakuwa mtu wa dini.

Fundi Ramazani alipokunywa, mwanamke mmoja wa Bukavu alisimama akapiga kelele, "Papa, usikunywe! Ametema!" Ikabidi jirani zake wamkalishe.

Nilirudi nyumbani siku hiyo nikitembea mbele ya Mama kama mtu anayemfungulia njia mkuu wa nchi.

Wiki iliyofuata mji mzima wa Cyangugu ulishiba. Sijui kueleza vingine. Wachukuzi ambao hawakuwa wameshiba tangu kuzaliwa walipita mbele ya beseni la Mama wakishika tumbo. "Asanti, Maman Vero, nimeshiba." Walisema kwa heshima. Walimsifu pia kwa ile Jumapili. "Dimanshi ulitumaliza, Maman! Ulitumaliza kabisa!" Halafu wakaenda kununua kwa mwanamke aliyekuwa upande wa pili wa barabara, ambaye maandazi yake yalikuwa magumu kama kokwa. Hakuna aliyesema kwamba Mama anaweka sumu. Hakuna aliyeamini hivyo, nadhani. Ila walikuwa wameona kwa macho yao kwamba koo linaweza kupanda na kushuka na kitu kisimezwe. Tangu wazaliwe walikuwa wanategemea funda lile moja, na Mama alikuwa amewaonyesha kwamba linaweza kuwa la uongo. Alipoonja mutobe mbele yao, macho yao hayakutazama koo tena. Yalitazama pembe ya kitenge.

Shuleni nilikuwa mtu mkubwa kwa sababu ya maandazi. Kila siku nilibeba matano, nikagawa manne, na wasichana walipanga foleni ya urafiki. Baada ya Jumapili mbili tatu za mchezo nilifungua karatasi yangu wakati wa mapumziko na mduara wa wasichana ukafunguka nao. Akabaki Zaina, binti wa Fundi Ramazani, ambaye alikuwa rafiki yangu kwelikweli, wa kusukana nywele. Nilimpa andazi. Akaweka mikono nyuma.

"Maman amenikataza," akasema.

"Papa yako anakunywaka kikombe cha mama yangu kila dimanshi! Si anarudi nyumbani muzima?"

Zaina akafikiri. Alikuwa mtoto mkweli. "Papa anakufaka kila dimanshi," akasema. "Hata Maman hapendi."

Nilikwenda kula peke yangu nyuma ya tangi la maji. Nilikula yote matano. Kesho yake pia. Andazi la tano, nawaambia, linapoliwa peke yako, halina ladha ya kitu chochote. Ni kama kutafuna mkono wako mwenyewe. Siku ya tatu nilimpa mbuzi wa misheni mbele ya wasichana wote ili waone. Mbuzi alikula, akaomba jingine, akaishi. Msichana mmoja akasema mbuzi hula hata sabuni.

Nyumbani beseni lilirudi limejaa. Tulikula maandazi asubuhi na jioni. Nilingoja Mama alie, kwa sababu kama angelia ningejua la kufanya. Lakini Mama hakulia. Alikuwa anaimba. Nilimkuta alfajiri ameinama juu ya ndoo ya maji, anajitazama, anainua pembe ya kitenge mdomoni, anaishusha, anaiinua tena, polepole zaidi.

"Maman, wacha huu muchezo," nikamwambia.

"Juu ya nini?"

"Batu habakule tena."

Uso wake ulikuwa bado uko kwenye maji. "Vero, miaka ngapi niko nakaa pale barabarani? Banapita, banakula, banaenda. Hata sura yangu habaijui." Akanigeukia. "Sasa banakuya toka Bukavu, banavuka na mupaka, juu ya kuniona miye."

Sikuelewa. Nilimwona mama yangu amesimama mbali, kama yuko ng'ambo ya maji, na nilimkasirikia. Nilijiona yatima mwenye mama. Jioni hakuhitaji tena nimsomee daftari. Alikuwa anayajua maneno yote, na mengine aliyaboresha.

Mchezo uliendelea kila Jumapili, na kila Jumapili mabenchi hayakutosha. Habari zikafika mbali. Mwalimu Anselmi akaja nyumbani kwetu, tai imenyooka, akasema kwamba mgeni wa serikali atakuja kutoka Kigali kuangalia mchezo. Ukimpendeza, kundi litaalikwa kucheza huko, katika ukumbi wenye viti vya kukunja na taa za umeme, mbele ya watu wakubwa.

"Kama anatuchagua, Maman Vero, ni juu yako," Mwalimu akasema. "Bengine sisi tuko mabenchi tu."

Mama alikaa chini. Akauliza kama Kigali kuna baridi. Akaanza siku hiyo hiyo kushona kitenge cha kuvaa safarini.

Nami siku hiyo hiyo nilianza kupanga. Akili yangu ilikuwa nzuri, nimeshasema. Nilifikiri hivi: Mama akienda Kigali, watu hawatakula maandazi yetu tena maisha yote, na Zaina hatanisuka tena. Lakini wakiona wote kwa pamoja, mchana, pale pale mahali walipopata hofu, kwamba kikombe kile kina mutobe tu, hofu itaisha. Nani wa kuwaonyesha? Mbuzi hawakumwamini. Mtoto watamwamini. Sikuona kosa lolote katika hesabu hiyo, na hadi leo naona kwamba haikuwa na kosa, ndiyo maana inaniuma.

Jumapili ile mgeni aliketi mbele, kwenye kiti chenye mikono kilichoazimwa kwa padri. Afisa wa afya alizungumzia vyoo kwa urefu usio wa kawaida. Zaina alikuwa ukutani na mama yake. Mimi nilikaa pembeni kabisa mwa benchi la kwanza, karibu na kreti zilizotumiwa kama ngazi.

Mama alikuwa hajawahi kucheza vile. Aliingia na kikombe mikononi, na ukumbi mzima ukavuta pumzi pamoja naye. Alionja. Koo likapanda, likashuka. Fundi Ramazani alipokea, akageuka kumwita mbwa. Kitenge kikainuka, kikaloa. Nilimwona mgeni wa Kigali amejisahau, mdomo wazi, kofia imemwangukia miguuni.

Fundi akakileta kikombe mdomoni. Hapo nikapanda.

Nilikivuta kutoka mikononi mwake. Sidhani aliwahi kutegemea jambo kama hilo. Alikiachia kama mtu aliyeungua. Nikawageukia watu wote, nikakinywa chote, mpaka mwisho, na kidogo kikanimwagikia kwenye gauni.

Ukumbi ukafa. Nilisikia bati likilia kwa jua. Halafu nilisikia mama yangu.

"Mwanangu!"

Katika mchezo ule mjane hakuwa na mtoto. Mama alimpa mtoto papo hapo. Alinirukia, akapiga magoti, akanishika mabega kwa mikono miwili. Machozi yalikuwa tayari machoni mwake, sijui yalitoka wapi kwa haraka ile. Akalia kwa Kimashi, lugha aliyonibembeleza nayo nilipokuwa mdogo, kilio cha mwanamke ambaye sumu aliyomwekea mwingine imenywewa na mtoto wake mwenyewe. Hakuna daftari lililokuwa na maneno hayo. Nyuma wanawake walianza kulia. Fundi Ramazani, ambaye alikuwa mwigizaji mzuri kuliko alivyojijua, alishika kichwa chake akarudi nyuma hatua mbili. Mgeni alisimama.

Mama alinivuta kifuani, na mdomo wake ukagusa sikio langu. Akasema polepole, kwa sauti yake ya nyumbani, "Anguka. Vero, anguka."

Nilielewa neno. Mkono wake mmoja ulikuwa mgongoni mwangu, umenitegea. Niliona pia, kwa kichwa changu kizuri, kwamba nikianguka wataamini milele kuwa kikombe cha Mama kina sumu. Nikajitoa mikononi mwake. Nikasimama wima, nikasema kwa sauti niliyotumia kusoma mbele ya mkaguzi wa shule:

"Miye siko mugonjwa, Maman. Iko mutobe tu! Angalieni! Iko mutobe tu!"

Kwanza alicheka mtu mmoja, kule nyuma. Halafu benchi lake. Fundi Ramazani, maskini, akitaka kuokoa kilichobaki, alianguka chini akafa bila kunywa kitu, na hapo paa lilikaribia kuruka. Watu walicheka mpaka wakashikana. Watu wa Bukavu walicheka wakielekea bariera kabla hata ya wakati. Mgeni wa Kigali alicheka pia, akaokota kofia yake, akampa mkono afisa wa afya na kumsifu kwa hotuba yake.

Mama alibaki amepiga magoti. Mikono yake ilikuwa bado imenyooka, iko vile ilivyokuwa imenishika, na ndani yake hamkuwa na mtu. Mimi nilikuwa nacheka pamoja na wengine. Nilidhani tumeshinda.

Na kweli tulishinda. Jumatatu asubuhi beseni liliisha kabla ya jua kupanda. "Onja basi, Maman Vero!" wachukuzi walimtania. "Ao tuite Vero aonje!" Naye alionja, upesi, kama mtu yeyote, wakapokea bila kumtazama, wakala, wakaenda. Zaina alikula maandazi mawili na kunisuka mistari minane. Nilikuwa na marafiki wengi kuliko zamani.

Mama hakunipiga. Hakunigombeza. Mwalimu Anselmi alikuja mara mbili na daftari jipya, Mama akamjibu kwa upole kwamba ana kazi. Nesi mwenye ndevu akarudi kucheza wanawake. Watu waliendelea kuja kwa muda, wakacheka, wakapungua, na baada ya miaka michache ukumbi ukarudi kuwa ghala, safari hii la saruji. Kitenge cha safari Mama alikimalizia. Alinikatia mimi gauni la kwenda sekondari kutoka kitambaa hicho, na katika gauni hilo nilishinda mtihani ambao hakuna msichana wa mtaa wetu aliyeushinda kabla yangu.

Yaliyofuata mengi mnayajua, maana sijawahi kuyaficha. Nilisoma usiku, nikiosha sahani za watu mchana, kwenye nchi ambayo mvua yake haina hata harufu. Nilipata diploma ya kupima vyakula. Hakuna aliyenishika mkono; kila ngazi niliipanda kwa miguu yangu. Wakati wengi walikuwa wanalia kwamba hawawezi kurudi, mimi nilirudi, nikajenga juu ya Kamembe nyumba ambayo kutoka barazani unaona ziwa lote na taa za Bukavu. Nimesimama mbele ya watu wengi nikahutubia, kwa lugha tatu, na wamenipigia makofi. Wananiamini kwa sababu ya karatasi na mashine. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuniamini mpaka akaogopa kula mkate wangu. Nilichelewa sana kutambua kwamba kile nilichokiona kama balaa la nyumba yetu kilikuwa sifa kubwa kuliko zote ambazo mji ule uliwahi kumpa mtu, na kwamba waliitoa kwa mwanamke aliyeachwa, asiyejua kusoma, nami nikaifuta kwa dakika moja kwa ajili ya andazi. Sikuwa mjinga. Nilikuwa mpweke, na mtoto mpweke hutaka mama wa kuuza maandazi.

Nilimleta Mama katika nyumba hiyo mwaka wake wa mwisho. Alikaa barazani, mdogo ndani ya kiti kikubwa. Sikuwahi kumwomba msamaha kwa jambo lolote maishani, na yeye hakuwahi kudai. Alasiri moja, tukiwa wawili tu kama zamani, nikamwuliza anakumbuka siku ile ya mgeni.

"Nakumbuka," akasema.

"Nilikuwa mutoto, Maman."

"Najua." Akaelekeza kidevu ng'ambo ya ziwa. "Ungeanguka, bangelia mpaka Bukavu."

Nilidhani amemaliza. Nilikuwa nimeshainuka kumletea shali. Ndipo aliponyoosha mkono, akaushika mkono wangu, akaupima uzito kama anavyopimwa mtoto anayebebwa.

"Nilikuwa nimekushika, Vero," akasema. "Haungeumia."